Matundu Yaliyozibwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mnara wa Maji wa Enzi ya Victoria

Mnara unaozungumziwa hapa ulijengwa miaka ya 1870 kwenye milki ya mashambani kusini mwa Uingereza. Jina la milki, wilaya, wamiliki na wataalamu waliohusika yameondolewa, na vipimo vimezungushwa. Niliingia kwenye kazi hii nikiwa upande wa wahandisi, baada ya ripoti mbili za watu wengine kuwa zimekwishatolewa. Nimeandika kwa ajili ya wahandisi, wasanifu na mafundi wanaogusa majengo ya zamani, popote walipo.

## Usuli

Jumba la tajiri wa mashambani katika Uingereza ya karne ya 19 lilikunywa maji mengi. Kulikuwa na vyoo vya kuvuta, mabafu, jiko la kulisha watu kadhaa kila siku, chumba cha dobi, mazizi ya farasi, nyumba za vioo za kukuzia mimea, na juu ya yote hofu ya moto. Bomba la mji halikufika huko. Kila milki ilijichimbia kisima, ikaweka mashine ya mvuke ya kupandisha maji, kisha ikayahifadhi juu ili yateremke yenyewe. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa karibu angahewa moja. Ukitaka maji yafike kwenye bafu la ghorofa ya pili kwa nguvu, na mpira wa zimamoto urushe hadi paani, tangi lazima likae juu kuliko paa la jumba.

Maradhi nayo yalisukuma. Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alifariki mwaka 1861 na madaktari wake wakataja homa ya matumbo. Mwaka 1871 mwanawe, Prince of Wales, nusura afe kwa homa hiyo hiyo. Mwaka 1877 kwenye milki yake ya Sandringham ukaanza kujengwa mnara wa Appleton, kwa michoro ya mhandisi Robert Rawlinson, ili nyumba ipate maji safi. Mlinzi na familia yake waliishi vyumba vya chini vya mnara huo, na dohani za moto wao zilipitishwa katikati ya tangi ili maji yasigande wakati wa baridi. Mnara wa kisa chetu ni wa ukoo huo huo, ingawa haukuwa wa mwana wa malkia.

Kwa nini mnara wa maji uvalishwe kama mnara wa kengele wa Italia? Osborne House, jumba la Malkia kwenye kisiwa cha Wight lililojengwa kati ya 1845 na 1851, lilikuwa na minara ya mtindo huo, na matajiri wakaiga. Kodi ya matofali ilifutwa mwaka 1850, na reli zikayasafirisha matofali ya rangi mbalimbali hadi mahali ambako zamani hayakuweza kufika kwa bei ya kueleweka. Mwenye milki hakutaka tangi tupu la chuma likimkodolea macho kutoka juu ya kilima. Alitaka kitu cha kuwaonyesha wageni.

## Mnara wenyewe

Kimo chake ni kama mita 25. Shina ni la matofali mekundu ya kuchoma, yenye mistari ya matofali ya manjano na meusi, yote yakiwa yamejengwa kwa chokaa. Chini kuna chumba cha mlinzi chenye meko. Ngazi ya chuma ya kuzunguka inapanda kwa ndani. Robo tatu ya kimo, shina linaishia na sehemu ya juu inatanuka: vichwa vya mawe vimechomoza ukutani pande zote nne, vimeunganishwa kwa matao madogo, na juu ya matao hayo umesimama ukuta mwembamba wenye madirisha ya uongo. Ukisimama chini unaona taji la ngome. Kati ya vichwa vya mawe kuna matundu yanayotazama chini, kama yale ambayo askari wa zamani waliyatumia kumwangushia adui mawe.

Nyuma ya madirisha hayo ya uongo hakuna chumba. Kuna tangi la mraba la futi 16 kwa 16, kina futi 8, lililoungwa kwa vipande vya chuma cha kumimina kwenye kalibu, kila kimoja futi 4 kwa 4. Sakafu ni vipande 16 na kuta ni 32. Kila kipande kina uzito wa karibu kilo 200, na vimefungwa kwa bolti kwenye kingo zake. Maungio hayakutiwa mpira wala lami. Mafundi wa wakati ule walichanganya unga wa chuma na chumvi ya amonia, wakaushindilia kati ya kingo, ukashika kutu na kuvimba hadi ukaziba. Ndani ya tangi kuna vyuma vya kuvuta ukuta mmoja kuelekea mwingine, kwa kuwa chuma cha kumimina hustahimili kubanwa lakini hukatika kikivutwa au kupindwa, na maji huzisukuma kuta nje.

Likijaa, tangi hubeba lita 58,000, yaani tani 58. Uzito huo hukaa juu ya mihimili ya chuma cha kufua, ambayo ncha zake zimeingizwa ndani ya kuta za shina, mahali pale pale taji linapoanzia. Ukuta mwembamba wa nje haugusi tangi. Kati yake na tangi kuna nafasi ya kama futi mbili, inayomtosha mtu mmoja kupita kiubavu na nyundo yake akaushindilie upya muungio unaovuja. Matundu yale kati ya vichwa vya mawe yanafungukia kwenye nafasi hiyo. Msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ripoti mbili za kwanza hazikuligusa.

## Yaliyotokea

Maji ya bomba ya mkoa yalipofika, mnara uliachwa. Wakati fulani katika miaka ya 1960 au 1970 ulifanyiwa ukarabati ambao kwenye kumbukumbu za milki umeachiwa mstari mmoja tu: matofali yalipigwa pointi upya (yaani maungio kati yake yalijazwa upya kwa nje), dohani ikafunikwa, njiwa wakazuiwa. Njiwa walizuiwa kwa kuyaziba matundu yote kwa saruji. Pointi mpya nayo ilikuwa ya saruji, na dohani ilifunikwa kwa bamba la zege.

Miongo ikapita. Ufa ukaonekana upande wa kusini magharibi, chini kidogo ya taji, kisha upande wa magharibi, kisha kaskazini. Vipande vya matofali vikaanza kuanguka kwenye njia ya magari. Mhandisi wa kwanza aliuona ufa kutoka chini kwa darubini, akaandika kwamba msingi unatitia. Wa pili alikubaliana naye, akapendekeza kuchimba chini ya msingi kwa zamu na kuujengea msingi mwingine wa zege. Bodi ya wadhamini wa milki ilipoona bei ikaomba maoni ya tatu.

Tulianza na mambo mawili ya bei ndogo. La kwanza lilikuwa kupima wima wa mnara kwa leza: ulikuwa umesimama vizuri, na mkengeuko mdogo uliokuwepo haukuelekea upande wa nyufa. La pili lilikuwa kukodi gari lenye mkono wa kunyanyua watu na kwenda kuutazama ufa ana kwa ana. Ufa wa msingi kwa kawaida hupanda kwa mshazari, ukifuata maungio ya matofali kama ngazi, na huwa mpana upande mmoja kuliko mwingine. Huu ulikuwa mlalo kabisa. Ulifuata tabaka moja la matofali kutoka kona hadi karibu na kona, na matofali ya juu yake yalikuwa yamenyanyuliwa milimita kadhaa. Ukuta haukuwa umeshuka. Kitu kilikuwa kinausukuma juu.

Tulitoboa tundu la kidole kwenye ufa tukapitisha kamera nyembamba. Ncha ya mhimili wa kwanza ilikuwa imevimba na kuchambuka matabaka matabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na ikiwa imebanwa ndani ya ukuta hainyamazi: hunyanyua chochote kilicho juu yake.

Ndipo tukapanda kwa ndani. Ripoti zote mbili zilikuwa zimeandika kwamba tangi ni tupu, kwa hoja kwamba pampu haijafanya kazi kwa miongo. Kifuniko chake cha mbao kilikuwa kimeoza na kuporomoka. Bomba la kutolea maji yanayozidi lilikuwa limezibwa kwa vijiti vya viota vya kunguru, na valvu ya chini ilikuwa imeganda kwa kutu ikiwa imefungwa. Mvua ya Uingereza ilifanya iliyobaki. Mwenzetu alishusha kamba yenye jiwe, akapima maji meusi yenye kina cha mita moja. Kwa eneo la tangi hilo, hizo ni karibu tani 24 zilizokaa juu ya mihimili ambayo ncha zake zilikuwa zinaliwa, na hazikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Maji hayo yalikuwa yanapenya maungio ya zamani tone kwa tone, yakidondokea kwenye nafasi kati ya tangi na ukuta. Nafasi haikuwa na hewa. Kuta za ndani zilitota, na ncha za mihimili ziliishi kwenye unyevu mwaka mzima.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuyatoa maji polepole, kwa siku kadhaa. Kulikuwa na mjumbe wa bodi aliyetaka valvu ikatwe yamwagike mara moja. Tulikataa kwa sababu mbili. Ukuta uliopasuka na ukazoea mzigo fulani haufai kuondolewa mzigo huo ghafla bila kuangaliwa; tulibandika vipimio vya plastiki kwenye kila ufa na kuvisoma kila maji yaliposhuka sentimita 30. Pili, maji yale yalikuwa mchuzi wa vinyesi na mizoga ya ndege, na chini ya kilima kuna kijito. Yalinyonywa kwa mpira hadi kwenye gari la maji machafu, mafundi wakiwa wamevaa barakoa kamili, maana vumbi la vinyesi vya ndege huleta maradhi ya mapafu. Vipimio havikusogea kiasi cha kutajwa.

Uamuzi wa pili ulihusu tangi lenyewe, na hapo palikuwa na mabishano. Wadhamini walitaka liondolewe: mnara ungepungua uzito, na pale juu pangepatikana chumba cha kupangisha chenye mandhari. Hoja yao haikuwa ya kijinga, na minara mingi ya aina hii imeokolewa kwa kugeuzwa makazi. Lakini mihimili ya tangi ndiyo inayozishika kuta nne za shina zisifunguke kwenye kimo hicho. Kuondoa tangi kungeishia kwenye kuigusa mihimili, na kuigusa mihimili kungehitaji mfumo mpya wa kuzifunga kuta. Isitoshe mnara umo kwenye orodha ya majengo ya urithi, daraja la II, na sheria ya mwaka 1990 ya majengo hayo inataka kibali cha mamlaka ya mipango kwa badiliko lolote linalogusa tabia ya jengo. Ofisa wa urithi alituambia waziwazi kwamba mnara wa maji usio na tangi ungekuwa na kesi ngumu. Tangi likabaki, tupu.

Utupu huo ulisaidia kazi iliyofuata. Tangi likiwa limepungua hadi karibu tani 10 za chuma chake, tuliweza kuegemeza mhimili mmoja mmoja kwa jeki, kufungua ukuta kuuzunguka, kusugua kutu hadi chuma kizima, na kupiga rangi ya kinga. Pale chuma kilipoliwa sana tuliongeza mabamba ya chuma cha kawaida kwa bolti. Chuma kisichoshika kutu tulikiepuka hapo makusudi: metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, ile dhaifu huliwa haraka zaidi. Ncha hazikuzikwa tena ndani ya ukuta. Kila moja ilipewa kijumba chake chenye nafasi ya hewa pande tatu na jiwe jipya la kukalia.

Saruji ya pointi ilitolewa kwa patasi na nyundo, kwa mkono, na chokaa ikarudishwa. Msomaji wa Zanzibar au Lamu hahitaji kuelezwa sana hapa. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumulia kwenye maungio yake, na ukiyaziba kwa saruji unyevu hutafuta njia kwenye tofali, au kwenye jiwe la matumbawe, na kulila. Nimeona plasta ya saruji ikibanduka na uso wa jiwe kule Mji Mkongwe, na nimeona tofali la Kiingereza likivuliwa ngozi kwa namna ile ile. Nikiongeza tu kwamba Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ni la kizazi kimoja na mnara huu na lilichanganya chuma na kuta nene za chokaa, mtu ataelewa kwa nini kisa hiki nimekiandika kwa Kiswahili.

Uamuzi uliobadili hali zaidi ulikuwa wa bei rahisi kuliko yote: kuyazibua matundu. Fundi mwashi mmoja mzee, akiwa juu ya jukwaa na patasi, alitoa kizibo cha kwanza cha saruji na akarudisha uso nyuma kwa harufu iliyotoka. Nyuma ya matundu tuliweka wavu wa kuzuia ndege, jambo ambalo mjenzi wa awali hakulifanya. Dohani nayo ilifunuliwa na kuwekewa kofia inayopitisha hewa na kuzuia mvua. Hapo ndipo tulipoisoma sawasawa michoro ya zamani iliyokuwa kwenye ofisi ya milki. Dohani ya chumba cha mlinzi inapita katikati ya tangi ndani ya bomba la chuma, kama kule Appleton. Moto wa mlinzi ulikuwa unapasha maji, unakausha nafasi ya juu, na kuvuta hewa kutoka kwenye matundu. Mapambo ya ngome yalikuwa pua za mnara.

## Matokeo

Kazi ilichelewa. Mkaguzi aliwakuta popo kwenye paa la mbao la taji, na popo wote Uingereza wanalindwa na sheria pamoja na mahali wanapolala. Jike wakiwa na watoto, miezi ya kiangazi, paa halikuweza kuguswa. Tulisubiri hadi vuli, kwa leseni na mtaalamu wa popo akiwepo. Kuchelewa huko kulisukuma pointi ya upande wa kaskazini hadi Novemba. Chokaa haipendi kupigwa joto likiwa chini ya nyuzi 5, na usiku mmoja wa baridi ya kugandisha uliifanya sehemu kubwa ya kazi ya wiki ile kuwa unga. Ilikwanguliwa na kurudiwa majira ya kuchipua, kwa gharama ya kukodi jukwaa miezi mingine.

Baada ya majira mawili ya baridi, vipimio vya nyufa havijasogea. Unyevu wa mbao za sakafu iliyo chini ya tangi umeshuka chini ya asilimia 20, kiwango ambacho chini yake kuvu wa kuozesha mbao hawastawi. Popo wamerudi. Upande wa kusini magharibi matofali yametoa chumvi nyeupe ambayo bado haijaisha, na wageni wa milki huilalamikia kuliko walivyowahi kuulalamikia ufa.

## Uchambuzi

Kilichoiokoa fedha ya milki ni kuusogelea ufa. Gari la mkono wa kunyanyua lilikodiwa kwa siku moja, na siku hiyo ilifuta pendekezo la kujenga msingi mpya, kazi ambayo ingetikisa udongo uliotulia kwa zaidi ya miaka 140 bila kugusa chanzo cha tatizo. Siwalaumu wahandisi wa kwanza kwa kukosea utambuzi. Ufa kwenye mnara mrefu humvuta kila mtu kufikiria msingi. Ninalowalaumu ni kuandika kwamba tangi ni tupu bila kupanda. Tani 24 si kitu cha kukisia.

Ratiba ndiyo iliyoshindwa. Ukaguzi wa popo uliagizwa pamoja na zabuni ya mkandarasi, wakati ulipaswa kutangulia kwa mwaka mzima. Kwa jengo lenye paa la mbao lililoachwa, popo wanatarajiwa. Na ilipobainika kwamba pointi itaangukia Novemba, mkandarasi alipaswa kuambiwa asimamishe upande wa kaskazini mpaka baridi ipite. Ilionekana afadhali kumaliza, kwa kuwa jukwaa lilikuwa linalipiwa kila wiki. Hesabu ya mwisho ilionyesha kinyume.

Kuhusu ukarabati wa zamani, naona haikuwa uzembe. Aliyeziba matundu alilijibu swali aliloulizwa, la njiwa, na alifanya kazi imara sana. Patasi zetu ni shahidi. Aliyaona matundu kama urembo wa ngome kwa sababu mjenzi wa awali alitaka yaonekane hivyo. Wasanifu wa enzi ya Victoria walikuwa na ustadi wa pekee wa kuificha mashine ndani ya sura ya historia, na mwenye kurithi jengo lao anaweza kuiua mashine huku akiamini anasafisha pambo. Kwa hiyo kabla ya kuziba, kukata au kufunika chochote kwenye jengo la aina hii, tunafuata njia ya hewa na njia ya maji kutoka chini hadi juu, kwa miguu, tukiichora.

Suala moja halijamalizika. Wadhamini sasa wanataka tangi likusanye maji ya mvua kwa ajili ya bustani, wakisema ndiyo kazi liliyojengewa. Tumekataa kulijaza: maungio yake ya kutu hayawezi kuthibitishwa, na mihimili iliyopunguka haitarudishiwa tani 58. Pendekezo lililoko mezani ni tangi dogo la plastiki la lita 5,000 likae ndani ya lile la zamani, juu ya mihimili miwili iliyo mizima zaidi, na bomba lake la kutolea maji yanayozidi litokezwe nje mahali ambapo mtu aliyesimama chini ataliona likimwaga. Ofisa wa urithi hajajibu.